Wakutubi wafundishwe pia malezi ya watoto wadogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nami nitoe dukuduku langu juu ya maktaba zetu na watoto ambao bado hawajafikia umri wa kwenda shule. Najua wapo watakaosema kwamba mtoto wa miaka miwili na maktaba wapi na wapi. Hao ndio hasa ninaotaka kuzungumza nao.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule ya msingi ya kijiji hapa Tlawi, wilayani Mbulu. Nilisomea ualimu wa cheti na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Kila Januari napokea watoto wapya, na siku ya kwanza nina desturi moja. Sigawi daftari wala kalamu. Humpa kila mtoto kitabu cha picha, kisha nakaa pembeni kumtazama atakifanya nini. Wengi hukishika juu chini. Wengine hukinusa. Mwaka juzi mmoja alikiweka kichwani akatembea nacho kama mzigo wa kuni, wenzake wakamfuata kwa mstari mmoja mpaka mlangoni. Siwacheki watoto hawa wala siwalaumu wazazi wao. Mtoto hawezi kujua matumizi ya kitu ambacho hajawahi kukiona nyumbani.

Lakini siku hiyohiyo palikuwa na msichana mmoja aliyekaa chini, akakifungua kitabu mwanzo, akaanza kupindua kurasa moja moja huku akisimulia kwa Kiiraqw, kwa sauti, hadithi nzima aliyoitunga kutokana na picha. Herufi hakujua hata moja. Nilishangaa, na Jumamosi yake nikafunga safari hadi kwao. Anaishi na bibi yake ambaye hajui kusoma. Kitabu hakimo nyumbani humo. Ila ukuta wa chumba umebandikwa magazeti ya zamani ili kuzuia upepo, maana baridi ya huku mwezi wa Juni na Julai siyo ya mchezo, na kila jioni bibi huyo humbeba mjukuu wake na kumwonyesha picha za ukutani. Huyu ana ng'ombe, yule amekasirika, unafikiri amekasirikia nini? Mtoto hujibu, bibi huongeza, na hadithi inakua. Kwa hiyo Ndugu Mhariri, gazeti lako limekwisha kufanya kazi ya maktaba kwenye ukuta wa udongo, na mkutubi wake ni ajuza ambaye hajawahi kuingia darasani.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza habari za wakutubi wenyewe, nikianzia na mimi. Shuleni kwetu kuna kabati la vitabu vya hadithi vya msaada. Nilipokabidhiwa ufunguo wake nilifurahi, halafu nikaonyeshwa leja ya kutilia sahihi. Kila kitabu kina namba yake, na kikipotea aliyetia sahihi ndiye wa kuulizwa. Nakiri mbele ya wasomaji kwamba kwa karibu miaka miwili kabati lile halikufunguliwa isipokuwa siku za kuhesabu vitabu. Vilikuwa safi kabisa. Mkaguzi alinisifu.

Na siyo mimi peke yangu. Niliwahi kwenda mjini na mwanangu aliyekuwa na umri wa miaka mitatu, nikaingia naye katika maktaba moja ambayo sitaitaja jina. Mtoto alipoona picha ya twiga alipiga kelele ya furaha. Mhudumu, kijana mpole tu, akanijia taratibu na kuniambia, "Mama, samahani, mtoto atatusumbulia wasomaji, labda umpeleke nje kwanza." Nilitoka naye. Sikumkasirikia kijana yule kwa kuwa alifanya kama alivyofundishwa: kupanga vitabu kwa namba, kuazimisha, kudai vilivyochelewa na kulinda ukimya. Nani aliwahi kumwambia kwamba ile kelele ya twiga ndiyo mwanzo wa kusoma?

Historia yetu ya maktaba siyo ya kuonea haya. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, tulipokuwa na miaka miwili tu ya uhuru. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na Bodi ikapewa sheria mpya mwaka 1975. Mwaka 1989 kikaanzishwa chuo cha ukutubi Bagamoyo ili tusiendelee kutegemea wataalamu waliosomea nje. Na wazee wetu wanakumbuka maktaba za vijiji za miaka ya 1970. Baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima na watu kuanza kujifunza kusoma kwa mamilioni, ilionekana kwamba asiyekuwa na cha kusoma atasahau, ndipo vitabu vikapelekwa vijijini.

Baba yangu hunisimulia pia habari za kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika chini ya mti au kwenye nyumba ya jirani, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba choo. Waliosoma katika vikundi hivyo walikuwa wapatao milioni 2. Na viongozi wa vikundi hawakuwa mabingwa wa afya. Walikuwa wanakijiji waliopewa mafunzo ya siku chache juu ya namna ya kuongoza mazungumzo. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi wakisikia neno mafunzo wanawaza digrii.

Mipango hiyo yote ililenga mtu mzima, na baadaye mwanafunzi. Mtoto aliye mgongoni mwa mama alisahauliwa, kwa kuwa siku zile wengi tuliamini kwamba elimu huanza siku mtoto anapovaa sare. Leo hatuwezi kusema hatujui. Desemba 2021 Serikali yetu ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, ikimhusu mtoto tangu tumboni hadi miaka 8. Imetaja afya, lishe, ulinzi na usalama, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali. Hayo mawili ya mwisho kwa lugha ya nyumbani maana yake ni kwamba mtoto akitoa sauti ajibiwe, akionyesha kitu kwa kidole aambiwe jina lake, na asingoje shule ndipo aanze kujifunza. Hiyo ndiyo kazi ya yule bibi wa magazeti.

Wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kuiingiza kazi hii katika maktaba zao. Uingereza, katika mji wa Birmingham, mwaka 1992 walianza na watoto wachanga 300. Mama alipompeleka mwanawe kupimwa alipewa kitabu cha mtoto pamoja na maelezo ya kujiunga na maktaba, na baadaye mpango huo ukaenea nchi nzima. Marekani mwaka 2004 chama cha maktaba za umma kilileta mpango wa kuwafundisha wakutubi namna ya kuzungumza na wazazi wa watoto wadogo, na mwaka 2011 wakaurekebisha, wakaweka mambo matano ya kumhimiza mzazi: kuzungumza, kuimba, kusoma, kuandika na kucheza. Niliposoma orodha hiyo nilicheka peke yangu, maana matatu kati ya hayo hakuna bibi wa Mbulu anayehitaji kufundishwa na Mmarekani. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia kwamba anayoyafanya ni elimu, asiache, na kitabu hiki hapa akiongeze.

Atakayesema kuwa hayo ni ya nchi tajiri, basi atazame majirani. Uganda, katika maktaba za vijijini, watoto wa chekechea walipewa nafasi ya kutunga hadithi zao wenyewe. Mtu mzima aliandika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, halafu wenzake wakaiigiza. Magharibi ya Kenya, wazazi na walezi wa vijijini walipewa vitabu vya picha na mafunzo mafupi ya kuvitumia na watoto, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 2020. Watoto waliongeza maneno wanayoyajua. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba watoto ambao walezi wao hawakujua kusoma hawakuachwa nyuma na wenzao, nao walifaidika. Hapa kwetu wapo akina mama wanaoona haya kusogelea kitabu mbele ya mwalimu. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi nikishika hicho kitabu mtoto atajua kuwa mama yake ni mjinga." Mkutubi asiyefundishwa atamjibu nini mama huyo? Pengine atamwelekeza kwenye darasa la watu wazima, na mama hatarudi tena.

Kwa hiyo naomba wahusika watazame upya mafunzo ya watu wa maktaba. Kule Bagamoyo mwanachuo ajifunze, pamoja na kuorodhesha na kuhifadhi, mtoto hukua vipi. Ajue kwamba mtoto wa miezi sita akitia kitabu mdomoni hajafanya utundu, hivyo ndivyo anavyokichunguza. Ajue kuwa wa mwaka mmoja na nusu hawezi kukaa kimya kwa nusu saa, na kwamba dakika tano za kitabu kimoja, mtoto akiwa mapajani mwa mama, zinatosha. Ajue namna ya kumkaribisha baba, kwa sababu huku kwetu baba akiona jambo limeitwa la malezi anageuka kwenda kuangalia ng'ombe. Na ajue dalili. Mtoto ambaye kila siku ya hadithi hageuki akiitwa, mtu aliyefundishwa anaweza kumshauri mama ampeleke hospitali mapema akapimwe masikio, badala ya kungoja aje kwangu akiwa na miaka mitano aitwe mzito. Nimewahi kumpokea mtoto wa namna hiyo. Jirani, ndugu na hata mimi mwenyewe kwa muhula mzima tulimwita mkaidi.

Mafunzo hayo yasiwe ya ubaoni tu. Mwanachuo kabla ya kupewa cheti akae na mama na watoto wao, aonekane akifanya. Nasema hivyo kwa sababu katika chuo nilichosoma mimi tulifundishwa michezo ya watoto kwa kunakili majina ya michezo kwenye daftari.

Hata hivyo, Bagamoyo ni mbali na Tlawi, na vijiji vingi havina mkutubi aliyesomea. Vina mtu mwenye ufunguo. Anaweza kuwa mwalimu, mtendaji, au katekista. Huyo naye anafaa kupewa semina ya siku tatu katika kata yake, kama walivyopewa viongozi wa vikundi vya mwaka 1973, na semina hiyo isiwe ya posho na soda halafu kila mtu arudi kwake. Wamchukue mtu mmoja mwenye moyo, hata kama cheo hana. Kama ningeulizwa mimi, ningempendekeza yule bibi awe miongoni mwa wakufunzi.

Mahali pa kuanzia papo. Siku ya kliniki akina mama hufika asubuhi na watoto wao wamefunikwa mablanketi, wakakaa kwenye benchi wakingoja mizani na sindano. Wakati mwingine hungoja saa mbili, tatu. Mhudumu wa afya ana kazi yake na hawezi kuongezewa. Mwenye ufunguo wa kabati akija na vitabu kumi kwenye kikapu, akakaa kwenye benchi lile lile, akampakata mtoto mmoja na kuanza kuzungumza naye juu ya picha, akina mama wengine watasogea. Hapahitajiki jengo wala mgeni rasmi wa kukata utepe.

Nina mawili ya kuongeza ambayo huenda yasiwapendeze wote. La kwanza ni lugha. Kiswahili ni lugha yetu ya taifa, ndiyo iliyotuunganisha na ndiyo ninayofundishia, na hakuna anayeipenda kunizidi. Lakini mama wa Tlawi akiambiwa amsimulie mwanawe kwa Kiswahili tu, atasema maneno kumi kisha atanyamaza. Akiachwa aseme Kiiraqw atasema elfu. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 haikutuambia tuzionee haya lugha za jamii zetu, bali tujivunie. Mkutubi afundishwe kumwambia mzazi: sema kwa lugha unayoiweza. Mtoto aliyezoea hadithi kwa Kiiraqw ndiye ninayemwona akishika Kiswahili upesi darasani, kwa kuwa anajua tayari hadithi ni kitu gani. Inasikitisha pia kwamba ngano zetu zilikusanywa hapa Mbulu miaka ya 1930 na Mjerumani, Paul Berger, zikachapishwa kule Köln mwaka 1998 katika kitabu cha wataalamu, na mtoto wa Tlawi hana hata kijitabu cha kurasa nane chenye sungura mmoja wa Kiiraqw. Wazee wanaozijua bado wapo. Mkutubi aliyefundishwa angeweza kuwafuata na daftari lake.

La pili ni leja. Hata tukiwafundisha wakutubi wote wa Tanzania, kama kitabu kilichotafunwa na mtoto kitakatwa kwenye mshahara wa mtu, kabati litafungwa. Mimi nililifunga. Siyo kwamba sikujua umuhimu wa vitabu, niliogopa. Vitabu vya watoto wadogo ni sawa na chaki, vinaliwa na kazi. Ukinunua chaki huulizwi mwisho wa mwaka iko wapi. Mamlaka zinazohusika ziweke kiasi fulani cha vitabu kila mwaka kinachoruhusiwa kuchakaa na kupotea, kiandikwe kwenye leja kwamba kimetumika, na mkaguzi akikuta vitabu vyote vizima baada ya miaka miwili, basi hapo ndipo aulize maswali.

Najua walimu wenzangu wana wasiwasi wa aina nyingine, kwamba tukishawaita watoto wa miaka miwili maktaba, wazazi watadai wafundishwe a, e, i, o, u, na vituo vitashindana kuonyesha nani mtoto wake anaandika mapema. Wasiwasi huo ni wa kweli. Nimeona watoto wa miaka mitatu wakichapwa vidole kwa sababu ya herufi. Ndiyo maana nasema mtu wa maktaba afundishwe ukuaji wa mtoto, na siyo kufundishwa kufundisha darasa. Asiyejua mtoto wa miaka mitatu anaweza nini ndiye mwepesi wa kumchapa kwa asichoweza.

Mimi kwa sasa nimeanza kidogo. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza, akakubali niandike kwenye leja vitabu kumi na viwili kuwa vya kutumika nje ya kabati. Siku ya kliniki, vipindi vyangu vikiisha, navipeleka kwenye benchi. Mara ya kwanza walikuja watatu. Juma lililofuata mvua ilinyesha asubuhi nzima na hakuja mtu. Mara ya mwisho niliwahesabu akina mama kumi na mmoja, na baba mmoja ambaye alisema amemsindikiza tu mkewe, lakini kitabu cha trekta hakutaka kukirudisha. Kitabu kimoja kimekwisha kupoteza jalada na kingine kina alama za meno manne.

Ninayoyafanya pale nayafanya kwa kubahatisha, kwa kukumbuka nilivyomwona yule bibi. Sijui kama namwonyesha mtoto wa miezi minane kinachomfaa, na mama akiniuliza swali gumu namjibu kwa kukisia. Naomba wahusika wa Bodi ya Huduma za Maktaba, pamoja na wizara zinazoshughulikia elimu na maendeleo ya jamii, watujibu kupitia ukurasa huu: je, mwalimu mwenye ufunguo wa kabati kijijini anaweza kupata mafunzo haya, wapi, na lini? Nauli hadi Babati nitajitegemea.

Mwalimu wa Darasa la Awali,
Tlawi, Mbulu.